Shoga yangu, usiniambie utaanza kuishi ukishahamia

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za Tanga, habari za baba Shamsa na watoto? Sisi huku Morogoro wazima kabisa, baridi tu ndo inatusumbua asubuhi, mwezi huu wa saba Uluguru inajifunika mawingu mpaka saa nne na mama yangu hatoki nje bila kitenge cha pili mabegani. Glory yuko darasa la pili, meno ya mbele hana, akisema "shikamoo" inatoka upepo mtupu.

Nimeisikiliza ile voisi yako ya juzi, nikairudia tena nikiwa jikoni. Nilikuuliza za siku nyingi ukaniambia "hamna jipya shoga, tupo tupo tu, maisha yamesimama, nasubiri hii nyumba iishe tuhamie ndo na mimi nianze kuishi." Halafu ukaenda moja kwa moja kwenye bei ya bati. Nilitaka nikujibu kwa voisi nikaona haitatosha, haya mambo ninayo moyoni muda mrefu, bora nikuandikie barua kabisa kama zamani, uisome taratibu watoto wakishalala.

Mimi hilo neno la kusema maisha yamesimama limeniuma, sio kwa ubaya, limeniuma kwa sababu nakupenda na najua hujalisema peke yako, karibu kila mtu wa rika letu analisema. Tumelelewa hivyo. Ukiwa shule unasubiri matokeo ya fomu foo, yakitoka unasubiri chuo, ukiwa chuo unasubiri kumaliza, ukimaliza unasubiri ajira, ukipata ajira mashangazi wanataka kujua utaolewa lini, ukiolewa wanaangalia tumbo, ukizaa mmoja wanauliza wa pili lini, na ukishamaliza kuzaa sasa ni mmejenga wapi. Na kila ukifika hapo ulipokuwa unapasubiri unapewa siku moja ya kupigwa vigelegele, kesho yake unaanza kusubiri kingine. Kwa hiyo ukikaa ukahesabu vizuri mtu anaweza kufika miaka 60 akawa amefurahi rasmi labda siku kumi na mbili, hizo nyingine zote ameziita "tupo tupo tu".

Kumbuka harusi yangu, ulikuwa kwenye kamati we mwenyewe. Vikao kila Jumapili jioni pale kwa baba mdogo Msamvu, mhazini na daftari lake, watu wanatumiwa meseji za kukumbushwa ahadi zao, mara ukumbi umepanda bei, mara MC anataka advansi, mara mama mkubwa amenuna kwa sababu sare ya akina mama imebadilishwa rangi. Miezi ilikatika hapo. Usiku wenyewe tukaingia ukumbini saa mbili na nusu, kufika saa sita wenye ukumbi wanawasha taa zote kubwa watu watoke. Wiki iliyofuata kukawa na kuvunja kamati, watu wakala mbuzi, wakapongezana, basi. Ile video ya harusi ipo kwenye kabati la vyombo, sijui hata kama inacheza. Na usinielewe vibaya, harusi niliipenda, nililia kwa furaha ukaniona. Ila ukiniuliza leo ndoa yangu ilianza lini kwenye kumbukumbu, mimi nakwambia ilianza ile Jumanne baada ya fujo zote kuisha, baba Glory amerudi kazini amebeba kiroba cha mkaa begani shati jeupe limechafuka lote, vyombo vya zawadi bado viko kwenye maboksi na gundi zake, tukaanza kufungua boksi moja tupate sahani tukakuta ni seti ya vikombe vya kahawa, la pili vikombe, la tatu vikombe, mwisho tukala ugali kwenye mfuniko wa sufuria wote wawili, yeye upande ule mimi upande huu, tunacheka. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyetuchangia. Na hiyo siku ndo naiona vizuri kuliko ile ya shela.

Au chukua chuo. Mahafali yetu pale Mlimani unayakumbuka? Mi nakumbuka joto ndani ya joho, na kwamba tulisimama kundi zima la kitivo tukatunukiwa kwa pamoja halafu tukakaa. Dakika ngapi hizo. Lakini Mabibo hosteli shoga! Ulinibeba mwaka mzima kwenye kitanda cha chini cha dabodeka, watu wawili kwenye godoro la mtu mmoja, tukilala mzungu wa nne, miguu yako kwenye shavu langu, na hukuwahi hata siku moja kunionyesha kwamba nimekubana. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, likitoka tunakula kuku, likikata tunagawana chipsi mayai sahani moja na vijiti viwili, nauli ikiisha tunakatiza kwa miguu mpaka Mlimani unanisimulia stori za bibi yako wa Pangani njia nzima. Wakati ule tulikuwa tunasemaje? Tulikuwa tunasema tumalize tu hii shida tutoke. Tukamaliza, tukatoka, na sasa tukipigiana simu tunaongelea nini kama sio hiyo hiyo Mabibo? Urafiki wetu wote ulitengenezwa kwenye siku ambazo tulikuwa tunaomba ziishe.

Ngoja nikwambie kitu cha kanisani kwetu, najua we Muislamu lakini utanielewa. Unajua mimi bado naimba kwaya, alto, nyuma kabisa karibu na kinanda. Sasa kanisani mwaka una vipindi vyake. Kuna Majilio, Jumapili nne za kusubiri Noeli, padre anavaa zambarau. Kuna Noeli yenyewe, kuna Kwaresima siku 40, kuna Pasaka ambayo inakwenda siku 50 mpaka Pentekoste, nyeupe na dhahabu, maua, watu mpaka nje chini ya turubai. Halafu kuna kinachobaki. Kinachobaki kinaitwa Kipindi cha Kawaida, padre anavaa kijani, kinaanza baada ya sherehe ya Ubatizo wa Bwana mwezi wa kwanza, kinasimama Jumatano ya Majivu inapofika, kinaendelea tena baada ya Pentekoste mpaka Majilio mengine. Na ndo kirefu kuliko vyote, wiki 33 au 34. Jumapili zake nyingi hazina sherehe ya kujitegemea, zimepewa namba tu, Jumapili ya 14 ya Mwaka, ya 15, ya 16. Hapo benchi zina nafasi, kwaya tupo pungufu maana wengine wako shamba, nyimbo ni zile tunazozijua kwa kichwa.

Nimeimba humo miaka na miaka bila kuwaza, sasa mwaka huu ndo nimeanza kukaa na hilo jambo. Kanisa limepanga kusubiri kwa wiki nne. Nne tu! Zaidi ya nusu ya mwaka limeiweka kijani, rangi ya majani, watu wakae, wasikilize, waishi. Sisi tumegeuza mwaka mzima ukawa Majilio.

Na nyie pia mnayo hiyo. Si we ulinisimulia bibi alivyokuwa anahesabu miezi, Ramadhani ikiisha anaanza Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, mpaka Mfunguo Tisa ndo inakuja Rajabu, Shabani, halafu mwezi wa kufunga wenyewe? Miezi tisa ya watu kula mchana kama kawaida, na yule bibi anaihesabu mmoja mmoja kwa namba kama tunavyohesabu sisi Jumapili zetu, na akikosea anarudi nyuma. Sasa hivi Idi zote mbili zimepita, maulidi nayo bado kidogo. Bibi angesema hiyo miezi imesimama? Bibi angekwambia leo ni tarehe ngapi ya Mfunguo wa ngapi, na angekuwa ameshaloweka choroko.

Ila nikwambie kilichonifanya nianze kuwaza haya yote, maana sikukwambia vizuri kwenye simu, nilikwambia tu mama alilazwa na ametoka. Mwaka jana mama alipata kiharusi. Upande wa kulia wote ukalegea, maneno yanatoka nusu. Tulikaa naye wodini, mimi usiku, dada mchana, na wodi ile ilikuwa ya kina mama watupu, vitanda vimekaribiana unasikia kila familia inaongea nini. Mwanaidi, sikusikia mgonjwa hata mmoja anaongelea jambo kubwa. Kulikuwa na mama mmoja wa Mvomero kila jioni anamuuliza binti yake kama mbuzi wamerudi. Mwingine anataka chai, lakini chai ya kwake, ya kwenye kile kikombe chake cha bati. Mama yangu siku maneno yalipoanza kurudi rudi, tumekaa tunamsubiri aseme tunafikiri labda ataulizia wajukuu au ataomba padre, akasema "mchicha." Tukatazamana. Akarudia, "mchicha, nani anamwagilia?" Dada akatoka nje akaenda kulia kwenye korido. Mi nikamwambia mama nimemwagilia asubuhi, umeota vizuri, tumechuma jana, akafumba macho kama mtu aliyelipwa deni.

Wagonjwa wale wote walikuwa wanatamani ile ile "tupo tupo tu" yako. Mtu akiwa pale kitandani hakumbuki kwamba hajamaliza kupiga plasta. Anataka aamke kwake afagie uwanja.

Sasa hivi mama anatembea na fimbo, mkono wa kulia haujarudi wote. Jioni nikitoka kazini tunakaa barazani tunachambua mchele, yeye ananishikia ungo kwa mkono wa kushoto, mimi natoa mawe na chuya, redio inaongea taarifa ya habari ya saa mbili na mbu wanatuuma. Huwa ananiambia "hapo umeacha jiwe" na kweli lipo, macho yake makali kuliko yangu. Wakati mwingine hatuongei kitu mpaka mchele unaisha. Zamani hii kazi nilikuwa naifanya harakaharaka simu iko pembeni, nikaona ni usumbufu, kuna siku nikawa nanunua mchele uliochambuliwa wa kwenye mifuko. Siku hizi nanunua ule wa gunia wenye mawe makusudi, mwenye duka pale Mawenzi ananishangaa.

Kwa hiyo ukiniambia hamna jipya mimi nasikia kwamba watoto wako hawajaugua, baba Shamsa ana kazi, kuna mtu kapika na watu wamekula. Niambie hivyo basi! Niambie mmekula nini.

Na kuhusu nyumba. Ile picha uliyonitumia, boma limefika lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, mi nimeiangalia nikaikuza kwa vidole. Wewe ulinitumia nione lenta. Mimi nimeona pale pembeni kulia, kwenye lile rundo la mchanga, Shamsa na mdogo wake wamekaa juu kabisa bila viatu, wamechimba mashimo, kuna kijiko cha jikoni kimechomekwa kama bendera, na yule mdogo ana mchanga mpaka kwenye nyusi. Shoga, ule mchanga utaisha. Fundi wa plasta akija wiki mbili umekwisha wote, pale patakuwa na pevingi na geti, na hawa watoto hawatakuwa tena na mlima wao. Wao hawasubiri kuhamia. Wameshahamia zamani, wanakaa juu ya mchanga.

Halafu ukalalamika kwamba baba Shamsa kila jioni anakwenda Pongwe kumwagilia lenta anarudi usiku, anapoteza muda. Kwanza hapotezi, zege linataka maji, likikaushwa haraka na jua linapasuka nyufa, mafundi wanasema mwagilia wiki nzima asubuhi na jioni na wahandisi wenyewe wakitaka kujua nguvu yake wanalipima siku ya 28. Hilo la fundi. La kwangu mimi ni hili, kwa nini usiende naye? Beba chupa ya chai na maandazi, ingieni bajaji na watoto, yeye avute maji kwenye pipa wewe umwage, mkae kwenye vile vibao vya fundi mkitazama jua linashuka. Mnasema sebule itakuwa hapa, dirisha la jikoni litaangalia kule kwenye minazi ya jirani. Hiyo nyumba mtakaa miaka 30 inshallah, lakini jioni za kuikalia ikiwa haina paa ni hizi za mwaka huu tu.

Nisije nikaonekana nasema maneno mepesi, kuna kusubiri ambako ni maumivu matupu na siwezi kumwambia mtu afurahie kusubiri huko. Mtoto wa kaka yangu ana digrii yake ya elimu, amemaliza 2019, kila nafasi zikitangazwa anaomba, anarudishiwa majibu ya kutoitwa, anakaa kwa baba yake na umri unakwenda. Huyo siwezi kumwambia thamini siku za kawaida wakati hata vocha anaomba. Njaa haiondoki kwa kubembelezwa. Ila hata yeye, kuna siku alikuja hapa akakaa na Glory kwenye ngazi akamfundisha kuzidisha kwa vizibo vya soda, saa nzima, na kile kitoto kikaelewa kitu ambacho mwalimu wake ameshindwa. Alipoondoka nikamwambia leo umefundisha. Akanijibu "shangazi, mi bado sijaanza kazi." Ikaniuma sana hiyo. Hiyo saa moja haikuandikwa popote kwa hiyo kwake haikuwepo. Naona ndo ubaya mkubwa wa hii habari ya kusubiri, inamfanya mtu asione hata mema anayoyafanya mwenyewe.

Wewe huna njaa, Alhamdulillah. Una nyumba ya kupanga Barabara ya 12 yenye uwani na mti wa mkungu, majirani wanaokuletea visheti, una mume anayerudi nyumbani. Na tangu mwaka juzi kila nikikwambia nataka kuja unaniambia "subiri shoga, utakuja tukishahamia, hapa hapana nafasi, makochi yenyewe yamechoka." Makochi! Mtu niliyelala naye kitanda kimoja Mabibo ananificha makochi. Mimi sitaki kuja kwenye ufunguzi wa nyumba nikae kwenye kiti cha plastiki na watu sitini nikuone kwa mbali umevaa dera jipya unahangaika na sahani. Nitakuja na hiyo siku, na zawadi nitaleta. Lakini nataka nije sasa, nikukute na kanga ya nyumbani, unakuna nazi, tuongee huku unakuna.

Kwa hiyo nimeshaamua na sikuombi ruhusa. Shule zikifunga natoka hapa na Glory basi la asubuhi, tunapita Chalinze, Segera tunashuka kuchimba dawa na kununua mahindi ya kuchoma, mchana tupo Tanga. Dada atabaki na mama, nimeshaongea naye. Usipike pilau, usichinje kitu, usiende kuazima godoro kwa wifi yako, tutalala chini na watoto kwenye mkeka. Mimi nataka samaki wa kukaanga na bada, ule ugali wenu wa muhogo, kama ulivyonipikia ile likizo tulipokuja kwenu, na jioni tukamwagilie hiyo lenta, na kama lenta imeshakomaa basi kutakuwa na tofali za kumwagilia, saiti haikosi kitu cha kumwagilia.

Nitaleta karoti na kabichi za Mgeta na mchele kidogo, ule wenye mawe. Machungwa siji nayo, kuwaletea watu wa Tanga machungwa ni matusi. Niambie tu Shamsa anavaa namba ngapi ya viatu siku hizi na kama huyo mdogo bado anaogopa mbwa, maana Glory anataka kuja na kile kitoto cha mbwa chake na nimeshindwa kumkatalia mpaka nipate jibu lako.

Msalimie sana shemeji, mwambie aniwekee ndoo.

Wako,
Mama Glory